Mkaguzi na Watahiniwa Wake Watatu

Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kabla sijaenda kufungua duka langu la vitambaa pale Majengo, Sumbawanga, Mkaguzi alibisha hodi nyumbani kwangu kuja kukagua kompyuta. Hakuingia hivi hivi. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasubiri kukaribishwa, kisha akaingia sebuleni na kuikazia macho ile mashine iliyokuwa juu ya kabati, kama vile ilikuwa ikipiga kelele mpaka sekunde ile alipotokea. Akishamaliza kuitia hofu, ndipo alipogeuka kwangu.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba, msimamizi. Mtahiniwa ameamkaje?"

"Hajambo. Hajasema neno tangu Jumamosi."

"Vizuri. Nidhamu." Akaandika.

Alikuwa mkaguzi wa shule tangu enzi hizo, na alipostaafu hakuna aliyemwambia ukaguzi nao umekwisha. Mjini kote aliitwa Mkaguzi tu. Hata mke wake alimwita hivyo, ingawa yeye alilitamka jina hilo kwa namna ya kumkumbusha kwamba kuni hazijapasuliwa. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu tatu, nyeusi, buluu na nyekundu, na nyekundu ilikuwa inaisha wino mara mbili kuliko nyingine. Akikaribishwa chakula alikagua kwanza mikono ya wenyeji. Msibani alihesabu viti. Nilimwona siku moja kwenye stendi ya Laela akimwelekeza mama muuza mahindi ya kuchoma namna ya kuyapanga kwa urefu, na yule mama akayapanga kweli, kisha akabaki kujiuliza yule mzee ni nani.

Sasa nieleze habari ya zile kompyuta, maana mgeni akisikia mtahiniwa anaishi juu ya kabati langu atadhani nimechanganyikiwa.

Mkaguzi alikuwa na shamba la ulezi huko Mwazye, kwao. Siku moja akiwa shambani wakapita watu wa televisheni wanaotengeneza kipindi cha mazao. Walimkuta amesimama kwenye mtaro, wakamwomba azungumze kidogo. Mkaguzi hakujua kuzungumza kidogo. Alianza asubuhi wakaondoka wakati wa chakula cha mchana, na wakati wanapakia vyombo vyao walimwambia, "Mzee, kitaruka hewani Jumamosi mojawapo saa kumi jioni. Wewe fuatilia tu." Jumamosi ipi hawakusema.

Kosa lake ni kwamba alikwenda kuyasema hayo kwenye kikao cha ukoo. Tena aliyasema kwa kirefu. Miezi ikapita, mwaka ukapita, Mkaguzi hajaonekana kwenye televisheni yoyote. Mdogo wake anayeishi palepale Mwazye ndiye aliyeanza. "Labda bado wanatafuta mahali pa kukata," alisema, na kikao kizima kikaangua kicheko. Kumbuka kwamba kwa miaka yote Mkaguzi ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Posa alipeleka yeye, msibani alishukuru yeye, ugomvi wa mipaka alituliza yeye. Baada ya hapo, kila aliposimama kusema, mtu wa nyuma alipaza sauti, "Rusha hewani, mzee!" Mwishowe akawa hasimami. Kwenye posa ya mpwa wake alisemea mdogo mtu, tena vibaya, wakaongezewa mbuzi wawili. Mkaguzi alikaa kwenye benchi na kofia yake magotini.

Mke wake ndiye aliyenisimulia haya. Mwenyewe hakuwahi kuniambia kwamba anaumia. Aliniambia tu kwamba anahitaji kukirekodi kipindi hicho, na kwamba hawezi kukabidhi kazi nzito kama hiyo kwa programu ambayo haijakaguliwa.

Alikuwa amepata kompyuta kuukuu tatu, zile kubwa za mezani, na vidude vitatu vya kuchomeka vinavyonasa mawimbi ya televisheni kutoka kwenye antena. Mjukuu wake aliye chuoni Mbeya alimtumia kwenye flash programu tatu za bure za kurekodi televisheni. Kijana alimwambia zote ni nzuri, achague moja. Jibu hilo lilimkera Mkaguzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Zote nzuri!" aliniambia. "Katika kazi yangu yote sijapata kuona shule tatu zote nzuri. Huyo hajakagua. Huyo amepita barabarani akaona paa."

"Si uweke zote tatu kwenye kompyuta moja, uone ipi inafaa?"

"Mama Zuhura, watahiniwa watatu dawati moja? Watanakili."

Nilitaka kumuuliza kompyuta inanakilije, lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwishawahi kuwakamata. Kwa hiyo kukawa na vituo vitatu vya mtihani. Cha kwanza kwake, cha pili kwa fundi cherehani jirani yetu, cha tatu kwangu. Tukaapishwa. Msimamizi haruhusiwi kubadili chaneli. Msimamizi haruhusiwi kuchomoa waya. Kila Jumamosi saa kumi jioni programu irekodi yenyewe, na kila Jumatatu msimamizi ajaze fomu. Mkaguzi mwenyewe hakuigusa mashine hata mara moja, kwa sababu mkaguzi akishika kalamu ya mtahiniwa matokeo yanafutwa. Alisoma fomu tu, na aliiamini fomu kuliko macho yake.

Majina halisi ya zile programu yalikuwa ya Kizungu na hakuna aliyeweza kuyashika, kwa hiyo akazipa majina ya tabia. Ya kwake aliiita Mpambaji. Hiyo ilikuwa nzuri ya kutazama, kila kipindi kilikuwa na picha yake ya rangi, maandishi yanaelea, ukibonyeza rimoti vitu vinapishana taratibu. Iliweza hata kuondoa matangazo ya biashara. Tatizo ni kwamba ilikuwa inakisia tu tangazo ni lipi, na chochote chenye muziki iliona ni tangazo. Ilikata kwaya, ikakata utabiri wa hali ya hewa, na taarifa ya habari ya Jumamosi moja ilibaki salamu ya kufungua na salamu ya kufunga. Mkaguzi akaiandikia, "Ana bidii lakini hana busara."

Ya fundi cherehani iliitwa Mchelewaji. Ilijua kazi, ilikuwa na ratiba ya vipindi ya wiki nzima, lakini ukiiwasha ilichukua muda kuamka hadi fundi akamaliza kushona kola. Ya kwangu ilikuwa Mkimya. Kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna picha wala mapambo. Unaiambia chaneli, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, basi. Katika miaka miwili haikukosa Jumamosi hata moja ya mtihani, na faili zake zilikuwa nyepesi, hazikuijaza diski. Mkaguzi hakuwa na mtahiniwa kipenzi, alisema hivyo mara nyingi sana. Lakini alipokuja kwangu alikaa zaidi.

Fomu yenyewe ilikuwa ileile ya kukagulia shule. Hakuona sababu ya kutengeneza nyingine. Kwa hiyo niliulizwa kuhusu mahudhurio ya Mkimya, ambayo yalikuwa mazuri, na matumizi ya muda, mazuri pia. Kisha kulikuwa na usafi wa mazingira, nikawa nalipangusa vumbi kabati. Kulikuwa na hali ya vyoo, nikaandika "haihusiki," akanirudishia fomu kwa sababu hakuna kisichohusika, nikaandika "ya kuridhisha." Kwenye ushirikiano na wazazi nilimwandika mjukuu wa Mbeya. Ilipofika Desemba aliamuru zote tatu zizimwe. Nilimkumbusha kwamba kipindi chake kinaweza kurushwa wakati huohuo.

"Ni likizo," akasema. "Mtahiniwa aliyechoka hapimwi."

"Na kikirushwa Krismasi?"

Alifikiri, nikaona anahangaika kweli. "Watakuwa hawajatenda haki," akasema, akaenda zake.

Mtu huyu, nisisahau, hakuipenda televisheni. Ukimweka mbele yake alisinzia kabla ya dakika kumi. Alikuwa na msemo wake kwamba televisheni ni ya kukaguliwa, si ya kuangaliwa. Na yule aliyemnyima Mchelewaji alama kumi kwa dakika tatu za kuchelewa, arusini alifika sahani zinaoshwa. Nilimwambia hivyo. Akasema arusi haina mtihani.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yangu.

Wenyeji wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga huuliza habari za radi za kutumwa. Sisi tunaoishi hapa tunahangaika na zile zisizotumwa na mtu yeyote. Masika yakianza, wingu likikaa vibaya tu juu ya uwanda, Ufipa nzima inachomoa nyaya. Televisheni, redio, friji, chaja za simu, kila kitu kinachomolewa na antena inashushwa, watu wanakaa kimya wanasikiliza. Hiyo haihitaji kufundishwa. Mke wa Mkaguzi alichomoa Mpambaji zaidi ya mara ishirini, na kila mara mumewe alimwandikia barua ya onyo, naye akawashia jiko.

Jumamosi hiyo wingu lilikuwa baya. Lakini mimi nilikuwa na shida nyingine. Kulikuwa na tamthilia, ile iliyotafsiriwa, ya binti aliyechumbiwa na ndugu wawili bila mmoja kujua habari za mwenzake. Nilikuwa nimeifuatilia tangu mwanzo, na siku hiyo saa kumi ilikuwa sehemu ya mwisho, kwenye chaneli nyingine, nami nipo dukani. Mkimya alikuwa pale juu ya kabati akinitazama na kioo chake cheusi. Jumamosi moja tu katika miaka miwili, nikajiambia. Nikabadili chaneli. Vitufe vitatu tu, ndivyo ilivyokuwa rahisi programu ile. Nikafunga nyumba, nikatia ufunguo kwenye pochi, nikaenda kazini.

Saa kumi na robo radi ilipiga hata vioo vya duka vikalia. Majengo yote yakachomoa. Nadhani kutoka Laela mpaka Mwazye hakukuwa na televisheni iliyowaka, isipokuwa mashine moja ndani ya nyumba iliyofungwa, na yenyewe ilikuwa ikirekodi harusi ya binti.

Mvua ilipopungua fundi cherehani akachomeka tena. Mchelewaji akajivuta, akaamka, akanasa dakika mbili za mwisho. Shamba la ulezi linalotikisika kwa upepo, na sauti ya mwanamke ikisema, "Kutoka nyanda za juu za Ufipa, kwaherini." Hakuna mtu hata mmoja kwenye picha.

Mkaguzi alinikuta ndio kwanza nafungua mlango wa nyumba. Alikuja mbio kutoka kwa fundi, viatu mkononi, matope mpaka magotini, na sijawahi kumwona mzee wa umri ule akicheka peke yake njiani.

"Mama Zuhura! Kimerushwa! Kimerushwa leo! Mkimya anacho!"

Alisimama nje ya mlango. Hata siku hiyo hakuingia bila karibu. Alinyoosha fomu na kalamu ya buluu.

Ningeweza kusema palepale. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Niliogopa ule uso. Niliingia ndani, nikasimama mbele ya kabati muda wa kutosha kumdanganya, nikatoka na fomu niliyoijaza kwa mkono wangu mwenyewe. Mahudhurio: hakuhudhuria.

Aliisoma mara mbili. Kisha akabadili kalamu, akachukua nyekundu, akaandika sifuri, taratibu, akiizungusha vizuri. "Na nilimtegemea," akasema. Akavaa viatu vyake vyenye matope, akaondoka akitembea.

Alipeleka zile dakika mbili za Mchelewaji kwenye kikao. Mdogo wake alitazama mpaka mwisho, akasema shamba la ulezi liko kila mahali na upepo pia. Mtihani ukafungwa. Mpambaji na Mchelewaji wakachukuliwa. Mkimya akaachwa kwangu kwa maelezo kwamba amekariri darasa. Nilimfunika kwa kitambaa nisimwone. Tamthilia yenyewe sikuwahi kuifungua, wallahi. Kila nikitaka kujua binti aliolewa na nani, naona yale matope.

Zaidi ya mwaka nilimkwepa. Nikiona kofia yake sokoni nilipita njia nyingine. Kisha asubuhi moja akabisha hodi, Jumatatu, saa moja na nusu. Alikuwa amekonda na koti limemzidi mabega. Akasema anahamia Mwazye moja kwa moja, yeye na mke wake, na kwamba hapendi kuondoka na kiporo cha kazi.

"Nimemletea mtahiniwa cheti chake cha kuacha shule," akasema.

Akanikabidhi. Kilikuwa cheti kamili, kimepigwa mstari kwa rula. Uwezo: mzuri. Usafi: mzuri. Ushirikiano na wazazi: wa wastani. Na chini kabisa, kwenye tabia, kwa wino mwekundu: "Haaminiki."

Niliketi chini sakafuni. Sijui kwa nini ni neno lile. Nilikwishamwona mzee akidharauliwa na ukoo wake nikanyamaza, halafu nikashindwa kuvumilia kuona kompyuta ikisingiziwa.

"Mkaguzi," nikasema, "si yeye. Ni mimi. Nilibadili chaneli. Nilikuwa narekodi tamthilia."

Nilitaka anitukane. Yeye akauliza, "Ipo?"

Nikamfunua Mkimya, nikamwasha. Ilikuwapo, imeandikwa chaneli, siku, saa kumi kamili mpaka saa kumi na moja kamili, na neno "imekamilika." Mkaguzi akavuta kiti. Akaitazama yote. Mtu yule aliyesinzia kwa taarifa ya habari hakupepesa, kalamu mkononi, na binti alipokimbia kanisani mimi nililia, yeye akaandika kitu. Ilipoisha akasimama, akaichukua fomu ya zamani kutoka kwenye faili lake, akaifuta sifuri na kuandika mia moja.

"Radi ile, na hakukosa hata sekunde," akasema. "Nimemfelisha asiye na kosa, Mama Zuhura."

"Nisamehe, Mzee wangu. Nimekuharibia."

"Utayaandika hayo?"

"Yapi?"

"Uliyoyafanya. Uandike, utie sahihi." Akafikiri. "Duka lako lina muhuri?"

Niliandika kurasa mbili. Kwamba mimi, msimamizi wa kituo namba tatu, siku ambayo kipindi cha Mkaguzi kilirushwa hewani, kwa tamaa ya tamthilia, nilishindwa kumrekodi. Nikapiga muhuri wa duka la vitambaa, wa buluu, mara tatu, kwa sababu alisema mmoja umefifia. Na wiki ileile lori la mume wangu lilipokuwa linakwenda upande wa Kalambo kuchukua mahindi, nikapanda, nikashukia Mwazye. Hakuniomba. Niliona karatasi peke yake haitoshi.

Ukoo ulikuwa umekaa uani, watu kama thelathini. Nikasoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Karatasi ikazungushwa, kila mtu akaugusa muhuri kwa kidole, ikafika kwa mdogo mtu. Huyu aliiinua juu ielekee jua, akaigeuza, akanitazama mimi, mwanamke wa Majengo niliyepanda juu ya magunia na vumbi lote lile kuja kujidhalilisha.

"Sasa huyu," akawaambia wenzake, "atubu kwa kitu ambacho hakikuwapo? Hapana. Kaka alionekana."

Ukumbuke, msomaji, kwamba mimi sikukiona kipindi. Mpaka leo hakuna mtu Ufipa nzima aliyekiona. Inawezekana kabisa walionyesha ulezi tu kwa saa nzima. Lakini pale uani watu walikuwa wakitikisa vichwa, wengine wameanza kusemezana Kifipa kwa haraka, na bibi mmoja akasema yeye alijua siku zote.

Kisha mdogo mtu akakohoa. "Na yule binti, mama? Aliolewa na yupi?"

Nikafungua mdomo nijibu. Mkaguzi akainua mkono kunizuia, akaweka kofia yake kwenye benchi, akasimama. Nilimwona akisubiri ile sauti ya nyuma. Haikuja.

"Tuanze na mazingira ya nyumbani kwao," akasema.

Alisema mpaka jua likashuka nyuma ya vihenge. Alieleza mahudhurio ya wachumba wote wawili, nidhamu ya mama mkwe, udhaifu wa uongozi wa baba. Hakuna aliyeondoka. Lori lilipiga honi mara ya pili, nikainuka polepole nisimkatize, na nilipopita karibu na mke wake nikaona ameacha kuchambua mboga, amekaa na sinia tupu mapajani, anamsikiliza mumewe.